Mwaloni na Majina Yake katika Elimu ya Mimea

Mwaloni haumei kwa asili mahali popote kusini mwa jangwa la Sahara. Msomaji wa Kiswahili ameukuta katika Biblia, katika tungo za mataifa mengine zilizofasiriwa, na katika vitabu vya mimea ambamo umeandikwa kwa jina la Quercus. Madhali hakuuona mti wenyewe, aghalabu huyaamini majina yake kwa wepesi kuliko anavyoyaamini majina ya miti aliyokulia chini ya vivuli vyake. Akiambiwa kwamba mti fulani huitwa hivi Lamu na vile Kigoma, hulishuku jina. Akiambiwa kwamba mti ni Quercus ilex hutulia, maana jina ni la Kilatini, na Kilatini ni lugha isiyosemwa tena nyumbani kwa mtu. Hudhani basi kuwa maneno yake yamekwisha simama mahali pamoja. Dhana hii yastahili kupimwa, na majina ya mwaloni yafaa kuwa kipimo chake, kwa kuwa ni mengi, ni ya kale, na sehemu kubwa yamehamishwa kutoka mti hata mti.

Jina la kwanza ni lile la jenasi nzima. Warumi waliita quercus mwaloni mkubwa wa misitu yao, ule uliowekwa wakfu kwa Jupiter, mungu wa mbingu na radi. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyezaliwa 1707 na kufa 1778, alilichukua neno hilo katika kitabu chake Species Plantarum cha 1753 akalifanya jina la miti yote ya namna ile. Jenasi hiyo leo ina spishi zaidi ya 400, na nyingi miongoni mwake humea Mexico, Marekani na Uchina, nchi ambazo Mrumi hakuzitia machoni. Wataalamu wa lugha hulihesabu quercus kuwa ndugu ya Hercynia, jina la msitu mkubwa wa Ujerumani ya kale, na wengi wao hulihusisha pia na Perkūnas, mungu wa radi wa Walithuania. Yaonekana basi kwamba mti na radi vilitajwa kwa pumzi moja kabla hapajakuwa na Rumi wala Kilatini.

Mwanafunzi aanzaye elimu ya mimea hushangazwa na jambo jingine katika jina hili. Maneno ya Kilatini yaishiayo na -us kwa kawaida ni ya jinsia ya kiume, lakini mwaloni mweupe huandikwa Quercus alba na mwaloni mwekundu Quercus rubra, kwa sifa za jinsia ya kike. Walimu hulieleza jambo hili kama kanuni ya pekee inayopasa kukaririwa. Mswahili hana haja ya kulikariri hivyo. Kwa Warumi miti ilikuwa na jinsia yake kwa kuwa ni miti, mwisho wa neno uwe wowote, kama vile kwa Waswahili miti ilivyo na ngeli yake. Mti wa mpea kwao ni pirus, neno la kike, na pea lenyewe ni pirum, neno lisilo la kike wala la kiume. Mtofaa ni malus na tofaa ni malum. Aliyezoea kusema mwembe na embe, mchungwa na chungwa, ameyajua mambo haya tangu utotoni, na katika mlango huu wa sarufi yu karibu na Mrumi kuliko alivyo Mwingereza. Hata jina Quercus robur, ambalo wengi hulidhani limekosewa kwa kuwa robur halifuati jinsia ya quercus, halina kosa lolote. Robur si sifa. Ni nomino iliyowekwa kando ya nomino nyingine, sawa na mpapai dume.

Robur lenyewe ni neno lenye historia. Maana yake ni mti mgumu, hasa kiini kigumu cha mwaloni, kisha nguvu na uthabiti kwa jumla. Pliny, aliyekufa 79 baada ya Kristo, katika kitabu cha 16 cha Historia ya Viumbe aliiorodhesha miti yenye kuzaa kokwa za mwaloni, naye akaliweka robur kuwa aina moja kando ya quercus, aesculus, cerrus, ilex na suber. Hayo ni majina sita. Linnaeus aliyapokea yote sita, akayapanga kwa namna ambayo matatu tu ndiyo yaliyobaki na mwaloni wake bila fujo kubwa: robur, suber, ambao ni mwaloni wa gome jepesi linalofanyiwa vizibo vya chupa, na cerrus, aliloliandika cerris. Quercus lilipanuliwa mpaka likawa jina la ukoo mzima. Yaliyoyapata mawili yaliyosalia, ilex na aesculus, hayana budi kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndipo elimu ya mimea ilipoingia shambani mwa fasihi.

Ilex kwa Warumi ni mwaloni usiopukutisha majani, wenye kivuli cheusi na majani magumu ambayo mti ukiwa mchanga huwa na miiba pembeni. Upo mti mwingine wa Ulaya wenye majani ya miiba kama hayo, usio na udugu wowote na mwaloni, ambao matawi yake yenye matunda mekundu Waingereza hupambia nyumba wakati wa Krismasi. Warumi waliuita aquifolium, yaani wa majani makali. Linnaeus aliufanya mti huu wa pili kuwa mwenye jenasi ya Ilex, akauita Ilex aquifolium, kisha mwenye jina wa kwanza akapewa lile lile jina kama la pembeni, Quercus ilex. Ni kama mtu aliyenyang'anywa nyumba kisha akapangishwa chumba ndani yake.

Katika kitabu cha sita cha Aeneid ya Virgil, tawi la dhahabu ambalo Aeneas sharti alichume kabla ya kushuka kuzimu limeota juu ya ilex. Katika wimbo wa saba wa Eclogues, Daphnis mchungaji anakaa chini ya ilex inayovuma kwa upepo. Mfasiri atakayeshika kamusi ya elimu ya mimea na kutafuta humo neno Ilex atafikishwa kwenye mti wa Krismasi. Tawi la dhahabu litaota juu ya pambo la sebuleni, na mchungaji wa Italia atapumzika chini ya mti ambao aghalabu huwa mdogo, wa kivuli haba. Kosa la namna hii halitokani na ujinga wa Kilatini. Hutokana na kuamini kwamba jina la kitaalamu ni fafanuzi ya neno la kale, hali ni neno jipya lililovaa nguo za lile la kale.

Habari ya aesculus yashinda hiyo. Warumi waliliitia jina hilo mwaloni mmoja wenye heshima, mti wa Jupiter, na baadhi yao walilihusisha na esca, chakula, kwa sababu ya kokwa zake. Virgil katika kitabu cha pili cha Georgics ameusifu kwa mizizi iendayo chini kwa kadiri ile ile kilele kiendavyo juu. Maelezo hayo hayo ameyarudia katika kitabu cha nne cha Aeneid, mahali Aeneas anaposimama imara mbele ya machozi ya Dido, lakini safari hii mti ni quercus. Mshairi mwenyewe basi aliweza kuyabadilisha majina hayo mawili juu ya picha moja, na hilo ni ushahidi mzuri kwamba kwake yote mawili ni mwaloni.

Linnaeus alilitoa jina Aesculus kwa mti mwingine kabisa, uliotoka milima ya Balkani na kufika katika bustani za Ulaya ya Magharibi katika karne ya 16. Mti huo ni Aesculus hippocastanum, kastani ya farasi. Mbegu zake ni nzuri kwa macho na sumu kwa mtu, hata jina lililodhaniwa kuwa na chakula ndani yake likaangukia mti usioliwa. Wala hakuishia hapo. Ndani ya kitabu kile kile cha 1753 aliandika pia Quercus esculus, akilirudishia mwaloni mmoja neno lile lile bila herufi yake ya kwanza. Wataalamu wa baadaye hawakukubaliana ni mwaloni gani hasa aliokusudia. Yamkini alifanya hivyo kwa haraka ya kazi kubwa, maana aliipa majina mimea yote iliyojulikana kwake kwa mkono mmoja. Walakini haraka hiyo imekuwa sheria, na watu wanaifuata hata leo.

Majina ya Kigiriki yana shida ya namna nyingine, maana Wagiriki wenyewe hawakuwa na neno moja lililotulia. Drys ndilo neno lao kuu la mwaloni, lakini asili yake ni pana. Shina lake ni lile lile lililozaa neno la Kiingereza la mti, tree, na dāru la Kisanskriti lenye maana ya mti wa kuchanjwa au ubao. Kwa Homer mkata miti wa aina yoyote ni drytomos, mkata mialoni kwa maana ya herufi, na wafafanuzi wa kale walisema kwamba watu wa zamani waliita kila mti drys. Mizimwi wa kike wa misituni, dryades, wamepata jina lao hapo. Neno lililoanza kuwa mti likasonga hata likawa mwaloni, mti ulioonekana kuwa mkubwa kuliko mingine.

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, ndiye aliyeyaandika majina haya kwa uangalifu. Amesimulia kwamba watu wa mlima Ida hutofautisha mialoni mitano, nao huiita hemeris, aigilops, platyphyllos, phegos na haliphloios, kisha akaongeza kwamba watu wa Makedonia huigawanya kwa njia yao. Hakuwalaumu hawa wala wale. Aliona kwamba wakata kuni na wachoma makaa wa kila mlima wana hesabu yao, akaiandika hesabu hiyo pamoja na mahali pake. Yeyote aliyepata kukusanya majina ya miti katika vijiji vya Tanzania au Kenya ataitambua kazi hii mara moja, nayo ilifanywa kabla ya Kristo kwa zaidi ya miaka 280.

Miongoni mwa majina hayo matano, phegos ndilo lenye mkasa mkubwa. Ni mwaloni wenye kokwa kubwa ziliwazo, na kwa kuwa neno linakaribia phagein, kula, watu wa kale walidhani limetoka huko. Ndugu yake wa kweli katika Kilatini ni fagus. Lakini fagus kwa Warumi si mwaloni. Ni mti mwingine wa misitu ya Ulaya wenye gome laini la kijivu, ule ambao Waingereza huuita beech kwa neno la shina hilo hilo. Neno moja la mababu likagawanyika, tawi moja likashika mti huu na tawi la pili mti ule, pengine kwa sababu watu waliohamia kusini hawakuuona tena mti wao wa zamani. Linnaeus alifuata Kilatini, Fagus ikawa jenasi ya mti wa Kirumi, na baadaye familia nzima ikaitwa Fagaceae kwa jina hilo. Hivyo mwaloni, ambao kwa Wagiriki ulikuwa phegos mwenyewe, umeingizwa katika familia kama mgeni wa jina ambalo kwao ni lake.

Katika Iliadi, phegos mtakatifu wa Zeus umesimama karibu na lango la Troy, na chini ya phegos Sarpedon aliyejeruhiwa alilazwa na wenzake. Alexander Pope, ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ilianza kutoka 1715, alimlaza shujaa huyo chini ya beech. Sikio la Kilatini ndilo lililomwongoza. Upotofu huo si mdogo kama unavyoonekana, kwa kuwa mti ukibadilika Zeus naye huondoka mahali pale: mwaloni ndio mti wake, na patakatifu pake pa Dodona watu walisikiliza mwaloni ukisema. Mti wa Dodona katika Odisei umeitwa drys, na Herodotus ameuita phegos. Msomaji apataye tafsiri yenye mti mmoja huku na mti mwingine kule hatajua kwamba Sarpedon alilazwa chini ya kivuli cha baba yake, maana Sarpedon alikuwa mwana wa Zeus, na huzuni yote ya mahali hapo imo katika jina la mti.

Majina mengine ya Kigiriki yaweza kutajwa kwa haraka. Aigilops, mwaloni wa mlima Ida, lilikuwa pia jina la jani moja, nalo leo ni jenasi ya nyasi, Aegilops, jamaa za ngano. Prinos, mwaloni wa majani ya miiba, lilipewa mwaloni wa Amerika kwa umbo la Quercus prinus, na kwa kuwa haikujulikana vizuri ni upi kati ya miti miwili, wataalamu wengi sasa huliepuka na kuandika Quercus montana na Quercus michauxii. Phellos, ambalo kwa Kigiriki ni gome la vizibo na mwaloni wenye gome hilo, limekuwa Quercus phellos, mwaloni wa Marekani wenye majani membamba, ambao hauna gome la vizibo hata kidogo. Hapa hata udhuru wa kufanana haupo. Neno zuri la kale lilikuwa halina kazi, na mti mpya ulikuwa hauna jina, basi vikaunganishwa.

Ni haki kumsikiliza Linnaeus kabla ya kumhukumu. Katika Critica Botanica ya 1737 na Philosophia Botanica ya 1751 aliweka kanuni kwamba jina la jenasi lisilotoka katika shina la Kigiriki au la Kilatini likataliwe. Alikuwa na maelfu ya mimea mbele yake na hazina yenye maneno machache. Hakuwa na njia ila kuyatumia ya wafu. Tena hakuifuata kanuni yake kwa ukali wote, maana aliyaacha Musa, jina la mgomba, na Coffea, jina la mbuni, na yote mawili ni Kiarabu kilichopewa mkia wa Kilatini. Coffea na kahawa ya Kiswahili ni neno moja. Mfaransa Michel Adanson, aliyekaa Senegal miaka kadhaa, alikuwa na moyo mpana zaidi katika kitabu chake cha 1763, akayapokea majina ya wenyeji kama alivyoyasikia. Wenzake walimcheka. Katika jambo hili Adanson alikuwa na haki, ingawa vitabu vilimfuata Linnaeus.

Lawama impasayo Linnaeus haihusu kuhamisha maneno, maana lugha zote huhamisha. Lawama ni kwamba aliacha watu waamini kuwa hakuhamisha. Nguvu ya majina ya kitaalamu iko mahali pengine kabisa, nayo ni sheria waliyokubaliana wataalamu: majina ya mimea yahesabiwe tangu 1753, jina lililotangulia kwa kawaida lishinde lililofuata, na kila jina lifungwe kwenye kielelezo kimoja, yaani tawi lililokaushwa na kuhifadhiwa, ili ugomvi ukizuka pawe na kitu cha kutazama. Kwa sheria hiyo Quercus phellos hulitaja bila shaka yoyote mti usio na gome la vizibo. Maana ya neno haichangii chochote. Lingeandikwa neno lisilo na maana katika lugha yoyote, kazi ingefanyika vilevile, na kanuni ya sasa ya kimataifa yakiri hivyo kwa maneno yaliyo wazi: jina la jenasi laweza kutoka chanzo chochote, hata likaundwa kwa kupenda tu. Tangu 2012 hata maelezo ya mmea mpya si lazima yaandikwe kwa Kilatini. Kiingereza chakubaliwa pia.

Kwa hiyo hoja inayosikika mara kwa mara katika mijadala ya istilahi, kwamba majina ya Kiswahili ya miti hayafai kwa elimu kwa kuwa yanabadilika mahali kwa mahali, imeshika upande usio wake. Majina ya Kiswahili hubadilika sawasawa na drys, phegos na ilex zilivyobadilika, si zaidi. Kilichokosekana ni kielelezo na mapatano. Mfano mmoja watosha: mwerezi, neno la asili ya Kiarabu, ni mti wa Lebanoni katika Biblia, na katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania ni Juniperus procera, mti wa jamii nyingine. Anayeliona hilo kuwa kasoro ya Kiswahili na akanyamaza juu ya Aesculus ana mizani miwili.

Majina ya mwaloni yenyewe yamekwisha fika Afrika Mashariki, tena yanatumiwa kila siku na watu wasiouona mti huo. Mkulima wa Bukoba au wa Uganda akiitaja kahawa yake robusta, anataja robur, kiini cha mwaloni wa Kirumi. Na jina la kitaalamu ambalo kahawa hiyo ilipata kuitwa, Coffea robusta, lina nusu ya Kiarabu na nusu ya mwaloni, ingawa sasa wataalamu huiandika Coffea canephora. Mgrivea unaopandwa kuyapa kivuli mashamba ya chai na kahawa ni Grevillea robusta, mti wa Australia, na neno ni lile lile. Mjunju wa nchi kavu, ambao matunda yake huliwa, Linnaeus aliuweka katika Ximenia. Delile, aliyefuatana na jeshi la Napoleon hata Misri, akauita Balanites kwa balanos, kokwa ya mwaloni kwa Kigiriki. Neno hilo ni ndugu wa glans la Kilatini, nalo glans ndilo lililomo katika Juglans, kokwa ya Jupiter, jina la mti wa jozi.

Milimani yapo mengine. Makangaga ya jenasi Dryopteris, kangaga za mwaloni, yamo Kilimanjaro, na moja ni Dryopteris kilemensis, jina lenye mwaloni wa Wagiriki kichwani na Kilema ya Uchagani mkiani. Katika misitu hiyo hiyo umo Ilex mitis. Mitis maana yake ni mpole, na mti umeitwa hivyo kwa sababu majani yake hayana miiba. Msomaji akumbuke kwamba miiba ndiyo iliyolifanya jina ilex lihame kutoka mwaloni kwenda mti wa Krismasi. Sasa jina limefika Afrika juu ya mti usio na miiba wala kokwa, na sababu zote za mwanzo zimedondoka njiani. Kichekesho kipitacho hiki ni kile cha Dryas octopetala, mmea mdogo wa nchi za baridi ulioitwa kwa wale mizimwi wa mwaloni kwa kuwa jani lake lafanana na la mwaloni. Mabaki yake katika udongo wa Ulaya ya Kaskazini yaliwapa wataalamu jina la enzi ya baridi kali iliyokwisha miaka 11,700 hivi iliyopita, enzi ambayo mialoni ilikuwa imekimbilia kusini.

Sasa latazamwa neno la Kiswahili. Mwaloni limeingia kwa njia ya tafsiri za Biblia, nalo lafuata alon la Kiebrania likiwa limevikwa kiambishi cha ngeli ya miti. Katika Biblia ya 1952 Abramu anakaa penye mialoni ya Mamre. Wafasiri wangeweza kulichukua neno la Kiingereza, au balluti la Kiarabu, au kuuita mwaloni kwa jina la mti wa karibu unaofanana nao kwa ugumu, kama Waingereza walivyofanya walipouita Vitex keniensis mwaloni wa Meru, hali ni jamaa wa mfuu. Walichagua vema. Neno mwaloni halina mti mwingine nyuma yake pwani wala bara, kwa hiyo haliwezi kumpotosha mtu. Mfasiri wa Homer aandike mwaloni kwa drys na kwa phegos pia, na akipenda kuzitofautisha aseme mwaloni wa kokwa tamu. Mfasiri wa Virgil aandike mwaloni kwa aesculus, na kwa ilex aandike mwaloni mweusi, kwa kuwa weusi wa kivuli ndio ambao mshairi aliutaja juu ya mti wa tawi la dhahabu. Kamusi ya mimea aiweke kando mpaka amalize.

Kuhusu upande wa pili, wa kuyapeleka maneno ya Kiswahili katika elimu ya mimea, njia imekwisha funguliwa. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt alieleza jenasi mpya ya jamii ya mstafeli kutoka pwani ya Kenya na Tanzania, mti mdogo ambao maua yake wanawake wa pwani huyatumia kwa manukato. Hakwenda kwa Pliny wala kwa Theophrastus. Aliuita Mkilua fragrans, kwa neno la wenyeji pamoja na kiambishi chake cha ngeli, na kwa sifa ya Kilatini iliyo sawa kwa jinsia zote tatu.